Gunia la Muheza na Oveni ya Wifi

Chungwa la Muheza likiiva halibadiliki rangi. Limejaa maji, tamu mpaka unafumba macho, lakini ganda limebaki kijani, kwa sababu pwani yetu haina usiku wa baridi unaolifanya ganda lipoteze ukijani wake. Kaka yangu analima huko, na kila msimu hutuletea gunia. Msimu mmoja alileta mawili, yakafika wiki ileile ambayo wifi yangu alirudi nyumbani na cheti cha mapishi, trei za bati na oveni ya mkaa aliyoichongesha kwa fundi wa Ngamiani. Hapo ndipo nyumba yetu ya Makorora, hapa Tanga, ilipogawanyika.

Ndani tulikuwa wengi. Mama mkwe, ambaye ana kisukari cha miaka na kadi yake ya kliniki haimtoki mkobani. Mume wangu, mtoto wake wa kwanza. Wifi, kitinda mimba wake. Watoto wetu watatu, mkubwa msichana aliyekwisha kuvunja ungo, na wawili wa kiume wanaorudi shule wamejaa vumbi na njaa. Na mimi, mwalimu wa baiolojia, dada wa mwenye machungwa. Hilo la mwisho lilinifunga mdomo. Keki zilitoka kwa ukoo wao, machungwa kwa ukoo wetu. Neno lolote jema ambalo ningelisema juu ya tunda lingeonekana nampigia debe kaka yangu, na aliyeolewa akaishi na wakwe anajua maneno ya namna hiyo yanavyopimwa.

Amri ilitolewa barazani baada ya swala ya alasiri.

"Kuanzia leo," alisema mama mkwe, "mtoto akirudi shule anapewa chungwa. Keki ni ya sherehe."

"Mama, na mimi nitamuuzia nani," wifi akauliza, "kama nyumbani kwetu kwenyewe keki imepigwa marufuku?"

"Sijapiga marufuku. Nimesema ya sherehe."

Mume wangu akasimama upande wa mama yake. Wavulana wakasimama upande wa shangazi yao, kwa sababu zile kingo za keki zinazokatwa ili ikae sawa zilikuwa zinaishia mikononi mwao. Binti yangu alisema atakula vyote viwili, wala hakuna aliyemjibu.

Siku za kwanza amri ilishikwa. Lakini watoto wetu walikuwa wanakula machungwa kama tunavyoyala sote barabarani: ganda la juu linamenywa kwa kisu likizunguka mpaka libaki jeupe, kichwa kinakatwa, tundu linawekwa mdomoni, mtu anaminya na kufyonza, kisha makapi yanatupwa. Muuza machungwa wa mkokoteni hukumenyea namna hiyo, na ukipita stendi jioni utaona makapi yamelala chini kila mahali. Vitamini C huwa umeipata, maana imo ndani ya maji. Unachokitupa ni nyuzinyuzi. Chungwa la wastani lina kama gramu 3 za nyuzinyuzi, na karibu zote zimo katika ile nyama na ngozi nyembamba zinazotenganisha vipande. Mtoto anayefyonza amekunywa juisi, tofauti yake na glasi ni kwamba imefungwa ndani ya ganda.

Nusu saa baadaye wavulana walikuwa wamesimama mbele ya oveni ya shangazi yao, wanameza mate.

Mama mkwe aliona jambo hili akakasirika. Alidhani ni ulafi. Nikaona sasa naweza kusema, maana nilikuwa na kitu ambacho si cha kaka yangu. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, wakiongozwa na Susanna Holt, walichukua vyakula 38, wakavipima ili kila sahani iwe na kilokalori 240, wakawalisha watu na kuwauliza kwa saa mbili wanajisikiaje tumboni. Mkate mweupe waliupa alama 100 uwe kipimo cha vingine. Machungwa yalipata 202. Keki ilipata 65. Kwa nguvu ileile inayoingia mwilini, machungwa yanashibisha mara tatu ya keki.

Mama mkwe alifurahi mpaka akamwita binti yake aje asikie. Wifi alisikiliza, mikono ina unga mpaka viwikoni, kisha akauliza swali ambalo wanafunzi wangu wachache wangeliuliza: "Basi wifi, mbona hawa wamekula machungwa na bado wana njaa?"

Lilikuwa swali la haki. Kilokalori 240 za machungwa ni machungwa manne, yaliyotafunwa. Kilokalori 240 za keki ni kipande kimoja. Mtoto aliyefyonza chungwa moja amepata robo ya kile walichopewa watu wa Sydney, tena bila makapi yake. Hajashiba, wala hasemi uongo. Nikamwambia mama mkwe kwamba mvulana aliyetoka kukimbia juani anahitaji kitu cha kumshika mpaka chakula cha usiku, na chungwa peke yake halimshiki. Ndizi mbili na konzi ya karanga zingemshika. Alisema atalifikiria.

Kabla hajamaliza kulifikiria, beberu wa jirani aliingia.

Tatizo lilikuwa maganda na makapi. Watoto waliyatupa nyuma ya banda ambako wifi alikuwa ameweka oveni na meza yake. Kwanza walikuja sisimizi, halafu vile vinzi vidogo vya matunda, halafu Jumamosi moja akaja beberu, ambaye harufu ya ganda la chungwa ilikuwa imempitisha kwenye uzio wa makuti. Alikula maganda yote. Alipomaliza akaona meza. Juu ya meza ilikuwa keki ya harusi ya ngazi mbili, imekwisha kupakwa krimu, inasubiri kuchukuliwa magharibi. Nilisikia kelele ya wifi nikiwa chumbani. Nilipotoka beberu alikuwa na miguu ya mbele mezani, ngazi ya chini imevunjika, ya juu iko mchangani, na ndevu zake nyeupe kwa krimu.

Wifi alikaa chini akalia. Lilikuwa agizo lake la kwanza kubwa, na arubuni alikwisha kuitumia kununulia mayai na siagi. Mama mkwe alitoka na fimbo ya kumfukuza mnyama, akamwangalia binti yake alivyokaa, akaitupa fimbo. "Inuka," alisema. "Saa ngapi wanakuja?" Akamtuma mvulana mkubwa dukani kwa deni, mdogo akapewa kazi ya kupepea mkaa, mume wangu akapewa mchapo. Saa nane mchana nyumba nzima ilikuwa inaoka keki, pamoja na aliyesema keki ni ya sherehe. Na kwa kweli hiyo ilikuwa ya sherehe.

Mimi nilipewa mizani. Ukipima vitu kwa mkono wako unaviona tofauti na unavyoviona mezani. Kwa kila trei: robo kilo ya unga, robo ya sukari, robo ya siagi, mayai matano, iliki, arki ya vanila. Nilikuwa napiga hesabu kichwani wakati namimina. Trei hiyo ina karibu kilokalori 4,000. Ukiikata vipande 16, ambavyo si vikubwa, kila kimoja kina kilokalori 250, gramu 14 za mafuta, vijiko vinne vya chai vya sukari, na nyuzinyuzi zisizofika nusu gramu. Vitamini C hakuna hata chembe. Si kwamba imeungua tu motoni. Unga wa ngano hauna, siagi haina, yai halina. Chungwa moja lina kilokalori 60 tu, na miligramu 70 za vitamini C, zinazomtosha mtoto siku nzima na kubaki.

Nilizitaja hesabu hizo kwa sauti kwa sababu wifi aliniomba. Alitaka kujua gharama, na gharama na lishe hupimwa kwa mizani ileile. Nilipofika kwenye sukari ya chungwa nikasema gramu 12. Wifi akaacha kuchapa mayai.

"Na kipande changu?"

"Kumi na tano, kumi na sita."

"Wifi! Sasa tofauti iko wapi? Si sukari karibu ni ileile?"

Ndiyo, karibu ni ileile, na kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wa jambo zima, kwa sababu watu wengi husema tunda ni bora kwa kuwa halina sukari. Linayo. Lakini sukari ya chungwa imefungiwa ndani ya vijumba vidogo vidogo vya maji, na vijumba vimezungukwa na nyuzinyuzi. Lazima utafune, umeze kidogo kidogo, tumbo nalo lifungue pole pole. Inaingia kwenye damu kwa hatua. Sukari ya keki haina mlango wa kuizuia, na nyuma yake unakuja wanga wa unga uliokobolewa, ambao nao hugeuka sukari mwilini, na gramu zile za mafuta. Nilieleza hivyo huku napima siagi ya trei ya tatu. Keki ilipatikana, wenyewe walikuja kuichukua baada ya isha badala ya magharibi, bibi harusi hakujua lolote. Lakini mume wangu, aliyekuwa anachapa krimu upande wa pili wa banda, alikuwa amesikia nusu ya maneno yangu: sukari ya tunda haina neno.

Jumatatu alirudi kazini na blenda.

Hakuinunua kwa anasa. Alikuwa amefikiri vizuri kama mtoto anayempenda mama yake. Blenda ingemaliza makapi, makapi yakiisha beberu hana la kufuata, na mama angepata matunda bila kuhangaika na meno yake, ambayo mengine yamekwisha kutoka. Kila alfajiri alimenya machungwa manne mwenyewe, akasaga, akachuja kwa chujio la chai, akampelekea mama yake glasi kubwa kabla hajaenda kazini. Jioni tena manne. Hakutia sukari hata punje, na hilo alilisema kwa fahari kwa kila mgeni. Mama mkwe alikuwa anamwombea dua kila akimaliza kunywa. Makapi yaliyobaki kwenye chujio yalifukiwa shimoni.

Mama alianza kuamka usiku. Mara mbili, mara tatu, anakwenda msalani, anarudi anaomba maji. Tulidhani ni joto. Siku yake ya kliniki ilipofika nilimsindikiza. Muuguzi, msichana wa makamo ya wanafunzi wangu wa zamani, alimwamkia shikamoo, akamtoboa kidole, akaangalia kipimo, kisha akafungua kurasa za nyuma za kadi moja moja.

"Mama, mwezi uliopita ulikuwa unakwenda vizuri. Umekula nini safari hii?"

"Matunda tu, mwanangu. Keki nimeiacha kabisa. Muulize mkwe wangu."

"Matunda unayala, au unayanywa?"

Mama mkwe akanigeukia. Sikuwahi kumwona amekosa neno.

Msichana yule alieleza kwa upole ambao ningetamani kila mgonjwa wa kisukari auonje. Glasi moja ya machungwa manne yaliyochujwa ina kama vijiko saba vya chai vya sukari, maana sehemu ya maji hubaki kwenye makapi. Ni kweli haikutiwa, lakini imefunguliwa kutoka kule ilikofungiwa. Nilifanya hesabu nikiwa kwenye benchi: kipande cha keki ya wifi, sukari yake na wanga wa unga wake kwa pamoja, kinakaribia gramu 27. Glasi ile gramu 28. Mama alikuwa amekataa keki kwa nguvu zake zote, na kila siku anakunywa vipande viwili vyake.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015 kuhusu sukari, linaiweka sukari ya juisi ya matunda kundi moja na asali na sukari ya kutia kwenye chai. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haimo kwenye kundi hilo. Na kuna jaribio la zamani zaidi ambalo huwa nawasimulia wanafunzi wa kidato cha nne. Mwaka 1977 jarida la Lancet lilichapisha kazi ya watafiti waliowapa watu kumi wenye afya matufaha ya namna tatu: mazima, yaliyopondwa, na juisi yake, sukari kiasi kilekile. Juisi ilinyweka mara 11 haraka kuliko tufaha zima lilivyolika. Iliwashibisha kidogo kuliko zote, insulini ilipanda juu zaidi, kisha sukari ya damu ikaporomoka, jambo ambalo halikuwapata walipotafuna. Kwenye juisi nyuzinyuzi ndizo zilizoondolewa, sukari ilikuwa ileile. Nani angekaa akatafuna machungwa manane kwa siku? Taya zingechoka kabla ya nusu. Kuchoka kwa taya ni kinga, na blenda inaiondoa.

Habari hii ilimuumiza mume wangu. Nilimkuta usiku uani ameishika blenda anaifuta, ingawa ilikuwa safi. Nilimwambia kwamba hakuna mtoto aliyekosea kwa kuamka alfajiri kumhudumia mama yake, na kwamba kliniki tumeiwahi. Mama mwenyewe alimwambia asubuhi yake, "Baba, mkono wako ule ule uliokuwa unachuja, sasa unikatie vipande." Tangu hapo chungwa la mama linamenywa mpaka ngozi nyeupe, linakatwa mapande membamba ambayo fizi zinayaweza, na anakula moja, pamoja na nyama yake yote. Kipimo kilishuka alivyoendelea na dawa na uji wake wa ulezi usio na sukari.

Wavulana walikuwa wagumu zaidi. Kuwaambia wasifyonze ni kuwaambia wasiwe watoto wa Tanga. Mama mkwe ndiye aliyepata njia: aliwaletea matunda yasiyofyonzeka. Papai halifyonzeki. Ndizi haifyonzeki. Pera ndilo lililoshinda, na mimi nalipenda kuliko yote, ingawa watu wanalidharau kwa kuwa linaota ovyo nyuma ya vyoo na kwenye viwanja vya watu. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, mara nne ya chungwa, na gramu 5 za nyuzinyuzi. Lazima ulile na ganda, nyama na mbegu. Jirani mwenye beberu ana mpera mkubwa, na kwa kuwa alikuwa anaona haya kwa yaliyotokea, alituruhusu tuchume.

Binti yangu nilimhangaikia kwa jambo jingine. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo hupoteza damu kila mwezi na anahitaji madini ya chuma. Unga wa ngano wa viwanda vikubwa hapa nchini huongezwa chuma na asidi ya foliki, kwa hiyo siwezi kusema keki ya wifi haina chochote. Mayai yake nayo ni chakula cha maana. Lakini chuma cha mmea, cha maharage na mchicha na unga, huingia mwilini kwa shida, na vitamini C hukisaidia kuingia. Chai hukizuia. Sisi huku keki tunaila na chai. Nimemzoesha kula chungwa au pera mara tu baada ya maharage, na chai aisogeze mbele kwa saa moja au zaidi. Analalamika kidogo, lakini anafanya.

Na wifi? Biashara yake imesimama. Meza ameihamishia ndani na banda lina mlango. Trei ile iliyokuwa inatoa vipande 16 sasa inatoa 24 kwa wateja wa shule, kwa bei ndogo, na sukari ameipunguza kwa robo bila mteja yeyote kurudi kulalamika. Amejaribu pia ndizi zilizoiva mno, zile ambazo ganda limeanza kuwa jeusi, anaziponda na kuzitia mahali pa sehemu ya siagi. Ni nzuri, ingawa naamini bado ni keki, na nilimwambia hivyo alipotaka kuiandika ubaoni kuwa ni "keki ya afya". Tulibishana siku mbili. Aliandika "keki ya ndizi".

Idi ilipofika, mama mkwe aliuliza sehemu yake. Muuguzi alikuwa amemwambia kipande kidogo, mara moja moja, baada ya chakula na si kwa tumbo tupu, na siku hiyo apunguze wali. Alikuwa amepunguza; tulimwona sote. Akanyoosha vidole viwili kuonyesha upana anaoutaka.

"Mama, hivyo ni vidole vitatu," mume wangu akasema.

"Hivi ni viwili. Nenda kakae na blenda yako."

Wifi alikata katikati ya viwili na vitatu. Mama akala taratibu, bila chai, makombo akayaokota kwa kidole, kisha akamuuliza binti yake kwa nini safari hii iliki imepungua.